Kuotea, kunyatia, kufuata nyayo: maswali kuhusu ugumu wa njia za kuwinda swala katikati ya Tanzania

Maswali haya huulizwa na vijana wanaotaka kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya Manyoni, na watu wa Dodoma mjini waliopata leseni kwa mara ya kwanza. Wengine hawana nia ya kuwinda kabisa, wanataka tu kumaliza ubishi wa kijiweni. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyoijua kazi ya porini. La sheria nimeliweka mbele kwa sababu nusu ya njia zinazotajwa kijiweni ni kosa la jinai.

Ni njia zipi zinazoruhusiwa?

Leseni kwanza. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, digidigi wa kilo tano anahitaji leseni sawa na pofu wa kilo mia nane. Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi na eneo. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Ruaha hakuna kuwinda kabisa. Kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni, uwindaji hufanyika katika vitalu chini ya usimamizi wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Sumu, waya, mashimo, moto, kuwinda usiku, kupiga ukiwa garini: yote hayo ni makosa. Mbwa nao haruhusiwi hivi hivi. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi wana nafasi yao ya pekee ya kuwinda kwa chakula, na nafasi hiyo haimhusu jirani yao. Ada na misimu hubadilika, kwa hiyo kabla ya kupanga safari fika kwa afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana nyama.

Mwenye leseni, basi, amebakiwa na njia tatu: kunyatia, kuotea (kumsubiri mnyama mahali anapopita) na kufuata nyayo. Nyingine nimezijibu kwa sababu watu huzilinganisha na hizi, na nataka ieleweke kwa nini baadhi yake sizihesabu kuwa ustadi.

Ipi ni ngumu kuliko zote?

Mimi napima ugumu kwa vitu viwili: umbali unaolazimika kuufikia, na kazi inayobaki baada ya risasi au mshale kutoka.

Mwenye bunduki ya darubini anaweza kupiga akiwa mita 150. Akiwa na upepo mzuri, hapo anashindana na macho ya mnyama tu. Mwenye gobore lazima asogee mpaka mita 40 hivi, na masikio nayo yanaingia kwenye hesabu. Mwenye upinde anahitaji mita 20 au 25, na kwa umbali huo hata suruali ikikwaruzwa na mwiba mnyama anasikia.

Kwa kipimo hicho, kati ya njia hizo tatu, ngumu kuliko zote ni kumfuata mnyama mmoja kwa nyayo zake, kumwona kabla hajakuona, kisha kumnyatia mpaka umbali wa mshale. Baada yake ni hiyo hiyo kwa bunduki. Kumnyatia mnyama uliyekwisha kumwona kwa mbali kuna nafuu, maana tayari unajua aliko. Kuotea kwenye maji wakati wa kiangazi kunakaa chini zaidi, ingawa watu hukudharau kupita kiasi.

Hata hivyo, aliyempiga tandala kwa mshale kutoka mita 20 kisha akampoteza vichakani, mimi namweka chini ya yule aliyeotea njiani akamwangusha mnyama palepale alipokuwa. Wengi wanabishana nami hapa. Wanasema njia ngumu ina heshima yake hata ikishindwa. Mimi nimewahi kufuata damu ya mnyama aliyepigwa tumboni, jioni na kesho yake, na sijaona heshima yoyote mle.

Kunyatia kunadai nini hasa?

Upepo kabla ya kitu kingine. Macho ya swala unaweza kuyakwepa na masikio yake unaweza kuyasubiri yatulie, lakini akishapata harufu yako hasubiri kuthibitisha. Wafuata nyayo hubeba majivu ndani ya kitambaa chepesi au soksi kuukuu. Wanakitikisa kidogo na kutazama vumbi linaelekea wapi, na wanarudia tena na tena, maana upepo wa dakika tano zilizopita hauna faida kwako.

Kanda hii wakati wa kiangazi upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na Julai na Agosti huvuma kwa nguvu karibu kutwa. Mgeni hudhani hapo kazi imekuwa nyepesi: elekea mashariki, basi. Kwenye tambarare huenda akafanikiwa. Kwenye vilima vya mawe, ambavyo Dodoma imejaliwa, mambo ni mengine. Alfajiri hewa baridi hushuka kuelekea bondeni. Jua likishapasha mawe, hewa hupanda. Katikati ya hayo mawili, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kuna kipindi ambacho majivu huzunguka tu bila mwelekeo. Wazoefu wakati huo hukaa chini ya kivuli na kusubiri, na kijana mwenye haraka huwaona wavivu.

Macho ya swala yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Rangi hazioni kama tunavyoziona sisi. Nyekundu kwake imefifia sana. Kinachomshtua ni mwendo. Unasogea anapoinamisha kichwa kula, unaganda kabla hajakiinua. Shida ya swala pala ni kwamba kundi zima haliinamishi vichwa kwa pamoja. Wawili wanakula, wa tatu anatazama, na akipiga chafya ya hatari wote wamekwisha kujua. Ukiongeza kwale anayefurumuka miguuni pako au nyani anayebweka mwambani, utaelewa kwa nini mwendo wa mita mia moja unaweza kula saa nzima.

Ipo pia mahali ambapo kunyatia hakuwezekani. Kichaka cha Itigi, magharibi ya Manyoni, kina miti ya mita tatu hadi tano iliyofungamana tangu chini. Mtu mzima hapenyi bila kelele. Wanyama walio ndani unawasubiri watoke wenyewe.

Je, kuotea ni kazi ya wavivu?

Hapana, ingawa naelewa fikra hiyo inatoka wapi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 550 hadi 600. Kufika Septemba mabwawa mengi na mito ya mchanga imekauka. Mnyama anayehitaji kunywa hana pa kwenda ila palipobaki maji, na anayejua mahali hapo hahitaji kumtafuta. Ndiyo maana kuwinda karibu na maji na kwenye sehemu wanyama wanapolamba chumvi kumewekewa masharti. Uliza masharti hayo kabla ya kukaa popote.

Ukitoa maji, kuotea kunageuka kuwa elimu kubwa. Lazima ujue mgunga upi umeanza kuangusha maganda, na ni njia ipi swala pala huipita kuyafuata. Lazima ukae mahali ambapo upepo wa saa kumi jioni, si wa saa nane ulipofika, utachukua harufu yako mbali na njia hiyo. Kisha unakaa. Mbung'o wanakuuma na hupigi. Mguu unakufa ganzi na hunyooshi. Wahadzabe, ambao mchana hutembea na upinde mmoja mmoja, kiangazi huotea usiku kwenye maji wakiwa wawili wawili, na hao si watu wa kuitwa wavivu.

Ugumu mwingine hauonekani mpaka mnyama afike. Aliyeotea hupata mnyama karibu, ghafla, na moyo unadunda mpaka mikono inatetemeka. Aliyenyatia amekuwa na mnyama wake machoni muda mrefu na amekwisha kumzoea. Nimeona wapigaji hodari wa mita 150 wakikosa kwa mita 30.

Upinde na bunduki: tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko wanavyodhani waliojaribu upinde kwenye shabaha ya boksi tu. Uta wa Mhadzabe hudai nguvu ya zaidi ya kilo 30 kuuvuta, na ukishauvuta huwezi kuushikilia ukisubiri mnyama ageuke. Unavuta na kuachia kwa pumzi moja. Upinde wa kisasa wenye magurudumu ni mwepesi kwa hilo, maana ukifika mwisho wa kuvuta uzito unapungua na unaweza kusubiri.

Mshale nao ni wa polepole kuliko sauti. Kwa mita 25 unasafiri karibu nusu sekunde, wakati mlio wa upote umemfikia mnyama zamani. Swala pala aliye macho hujikunja kuruka kabla mshale haujafika, na pale ulipolenga kifua unakuta umepita mgongoni. Kwa sababu hiyo mwenye upinde humtafuta mnyama aliyetulia, anayekula, asiyeshuku chochote. Mwenye bunduki anaweza kumpiga aliyekwisha kuinua kichwa.

Wahadzabe hutumia chembe ya chuma iliyopakwa sumu ya mimea kwa wanyama wakubwa, sumu inayoushika moyo, na mishale ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walihesabu kwamba mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa kwa wastani mara moja katika siku 29 hivi za kuwinda. Hao ni watu waliozaliwa na upinde mkononi, wanaotoka karibu kila siku. Kijana anayeniambia atanunua upinde na kumpata tandala wikendi ijayo, namtajia hesabu hiyo.

Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro, wilayani Chemba, walikuwa na sifa hiyo hiyo kabla ya jembe na mifugo kuchukua siku zao. Ukipanda kwenye michoro ya miamba ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, utaona pofu na twiga waliochorwa na watu ambao bila shaka waliwatazama kwa karibu na kwa muda mrefu. Nenda uone, hata kama huwindi.

Na gobore?

Linamlazimisha mtu kusogea karibu, kwa hiyo kunyatia kwake ni kugumu. Lakini kwa kuua sawasawa ni silaha mbaya. Mengi ni ya kufuliwa na wahunzi, hayana shabaha ya kuaminika, baruti ikipata unyevu hailipuki, na chuma kinachoshindiliwa ndani ni chochote kilichopatikana. Una mlio mmoja tu. Mnyama hujeruhiwa mara nyingi kuliko anavyokufa. Na kulimiliki bila leseni ya silaha ni kosa kama kumiliki bunduki nyingine yoyote bila leseni.

Kufuata nyayo kunafundishika, au ni kipaji?

Kunafundishika, ila polepole. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie.

Jambo la kwanza ni mwanga. Nyayo husomeka vizuri asubuhi na alasiri, jua likiwa chini na wewe ukiwa umelielekea, kwa sababu kila kingo hutupa kivuli. Saa sita mchana unyayo ule ule hauonekani. Vijana huacha njia saa sita wakidhani wameupoteza, kumbe walitakiwa kuzunguka na kuutazama kutoka upande mwingine.

Jambo la pili ni umri wa unyayo. Kingo kali zenye punje za mchanga zilizosimama ni za karibuni. Upepo huzilainisha ndani ya saa chache. Ukiona vijia vya wadudu vimekatiza juu ya unyayo, mnyama alipita kabla wadudu hao hawajatembea, na wengi wao hutembea usiku, kwa hiyo huyo ni wa jana. Nyasi iliyolala ambayo bado inainuka, utomvu kwenye tawi lililokatwa na meno, kinyesi chenye unyevu ndani ukikivunja: hayo yanakuambia usogee taratibu.

La tatu, ambalo ndilo kipimo, ni kuacha kufuata kila unyayo. Mwanafunzi huinama na kutafuta alama moja baada ya nyingine, na mnyama anatembea haraka kuliko yeye. Mfuata nyayo aliyekomaa hutazama hatua kumi mbele na kujiuliza: saa hizi, kwa joto hili, dume huyu aliyekula hapa ataelekea wapi? Anaona kivuli cha mikwaju kwenye mkondo wa mto mkavu na kwenda moja kwa moja huko. Mara nyingi unyayo unamsubiri pale. Asipouona anarudi kwenye alama ya mwisho aliyoweka kijiti na kuanza upya bila kuona aibu.

Ardhi yetu inasaidia mahali na kukomoa mahali. Mchanga mwekundu wa Chemba husomeka kwa urahisi. Mbuga za udongo mweusi kiangazi hupasuka na kuwa ngumu, na kwato haziachi kitu. Kwenye mawe unafuata kokoto zilizogeuzwa, zenye upande wa chini uliokuwa na rangi tofauti ukitazama juu.

Nimesikia kuna watu humkimbiza swala mpaka achoke. Ni kweli?

Ni kweli, na ushahidi wake mzuri uko Kalahari, Botswana. Wawindaji wa Kisan walimfuata tandala kwa miguu wakati wa joto la nyuzi 39 hadi 42, wakati mwingine zaidi ya kilometa 30 na kwa saa tano au zaidi, mpaka akasimama mwenyewe. Binadamu hutoa jasho mwili mzima na kupoa akiwa anakimbia. Tandala hujipoza kwa kuhema, na kuhema huko kunamshinda akiwa kwenye mbio, kwa hiyo akinyimwa nafasi ya kupumzika kivulini joto linamlemea.

Watu huiona kuwa kazi ya miguu tu. Mnyama hutoweka machoni dakika ya kwanza. Saa zote zilizobaki ni kufuata nyayo kwa kasi ya kukimbia, na kumtofautisha na wenzake anapojichanganya na kundi. Kwa ustadi naiweka juu kabisa. Kwa huku kwetu sijaiona, na simshauri mtu kuijaribu kwenye pori lenye tembo na nyati.

Kuswaga kwa kundi na kutumia mbwa?

Kuswaga kulidai mpangilio: nani apige kelele upande gani, nani asubiri kwenye pengo, na nani ajue mnyama akishtuka atakimbilia wapi. Ustadi ulikuwa wa kiongozi, wengine walitii.

Mbwa mzuri anafanya kazi kubwa, na kumfundisha si mchezo. Lakini porini ana hatari ambayo wafugaji wengi hawaijui. Anaweza kupeleka kichaa cha mbwa na ugonjwa wa distempa kwa wanyama wengine. Serengeti mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi ya simba. Ukanda wa Ruaha na Rungwa una mbwa mwitu, wanyama adimu ambao ugonjwa mmoja unaweza kufuta kundi zima. Kwa sababu hiyo peke yake nawaomba mbwa wabaki nyumbani.

Kwa nini waya na taa huzihesabu kuwa ustadi? Mtegaji si anajua njia za wanyama?

Anajua, sikatai. Lakini tanzi la waya halichagui. Limewekewa swala pala, linamkamata jike mwenye mimba, fisi, chui, au linamkata tembo mkonga. Mtegaji akiugua, au akisikia doria ipo karibu, harudi kukagua, na wanyama wanaozea mle. Uamuzi ulio mgumu kuliko yote kwa mwindaji ni kumwacha mnyama asiyefaa apite, na waya haina uwezo huo.

Kumulika ni hivyo hivyo. Wawili kwenye pikipiki na taa kali: swala anaduwaa, hajui mwanga umetoka wapi, anapigwa akiwa amesimama. Hapo hakuna upepo wa kusoma wala unyayo wa kufuata. Ni wizi wa haraka, na pori lililomulikwa miezi miwili linaonekana mchana: wanyama waliobaki wanakimbia wakisikia injini kilometa nzima mbali.

Mnyama gani ni mgumu?

Digidigi ni mdogo lakini ana desturi. Wanaishi wawili wawili kwenye eneo lao, wana mahali maalumu pa kuacha kinyesi, na wakishtuliwa huzunguka bila kutoka mbali. Anayejua hayo huwapata kwa urahisi mno, na vichaka vingi vya karibu na vijiji vimewamaliza.

Swala pala ni mgumu kwa sababu ya wingi wa macho. Pofu ni mkubwa, dume hukaribia hata kilo 900, na unaweza kusikia viungo vya miguu yake vikilia anapotembea, lakini akishtuka huanza mbio za wastani zisizokoma, utamfuata kutwa.

Tandala mkubwa ndiye anayenivutia. Anasimama kichakani bila kutikisa hata sikio na unampita. Mistari yake myeupe ubavuni inachanganyika na vivuli vya matawi. Ana udhaifu mmoja unaojulikana: akikimbia, mara nyingi husimama baada ya muda mfupi na kugeuka kutazama kilichomshtua. Mwindaji mtulivu hungoja kituo hicho. Mwenye papara amekwisha kupiga risasi mbili mgongoni mwa vichaka.

Wawindaji wa kulungu wa Ulaya na Marekani wana kazi rahisi kuliko sisi?

Kulungu wenye pembe za matawi, zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, si wenyeji wa kusini mwa Sahara. Barani Afrika wenye asili ya huko wapo kaskazini tu, hasa Algeria na Tunisia. Swala wetu hubaki na pembe zile zile maisha yote.

Njia zao lakini ni zile zile. Marekani kulungu mwenye mkia mweupe huotewa sana kutoka kwenye jukwaa lililofungwa mtini, na kuanguka kutoka huko ni miongoni mwa ajali zao kubwa. Wao pia hubishana bila kuchoka kuhusu upinde, bunduki ya kushindilia na bunduki ya kisasa, na majimbo mengi hutenga msimu tofauti kwa kila silaha. Uskoti humnyatia kulungu mwekundu kwenye milima isiyo na miti, wakitambaa kwa tumbo kwenye matope baridi na upepo unaogeuka bondeni. Mtu wa Uskoti ukimpa soksi ya majivu ataelewa mara moja ni ya nini. Wao hawana simba wala tembo wa kukutana nao njiani, na sisi hatuna baridi yao. Sioni upande wa kujivuna.

Nifanye nini mnyama akijeruhiwa?

Kwanza usikimbie mbele. Kumbuka aliposimama, weka alama, kisha nenda pale na usome. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito huenda ni ya ini: subiri. Majimaji ya kijani yenye harufu ni ya tumbo, na hapo inabidi usubiri saa kadhaa, maana ukimfuata mara moja atainuka alipolala na kutembea mpaka umpoteze. Kwa mshale, hata uliopenya vizuri, mpe mnyama nusu saa. Mshale huua kwa kutoa damu, na mnyama asiyefukuzwa hulala karibu.

Kinga yake ni mahali pa kulenga. Wageni wengi hulenga nyuma ya bega kama walivyoona kwenye picha za kulungu. Moyo wa swala wetu umekaa mbele zaidi na chini, karibu katikati ya miguu ya mbele, kwa hiyo aliyesimama ubavu unamlenga juu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili. Akiwa hajasimama vizuri, shusha silaha. Wateja hukasirika ninapowashika bega na kutikisa kichwa. Naendelea kuwashika.

Aliyejeruhiwa anafuatwa mpaka apatikane, siku hiyo na ijayo, na anahesabiwa kwenye leseni hata asipopatikana. Hapo ndipo mfuata nyayo wa kweli hujulikana, kwa tone moja kila hatua ishirini, kwenye majani makavu yenye madoa mekundu yake yenyewe.

Sisi Waislamu wa Kondoa tunauliza: mnyama akifa kabla ya kuchinjwa?

Nilivyofundishwa na masheikh, mwindaji akitaja jina la Mwenyezi Mungu anapoachia mshale au risasi, na silaha ikapenya, mawindo ni halali hata yakifa kabla ya kisu. Akimkuta bado hai lazima amchinje. Mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na tanzi haliwi. Kwa mengine zaidi muulizeni sheikh wenu. Mimi naongeza la afya tu: mzoga uliokutwa porini usiguswe, kimeta huenda kisionekane kwenye nyama iliyokwisha kukatwa.

Na kama haja yako ni kitoweo tu, tangu kanuni za mwaka 2020 nyamapori huuzwa kwenye mabucha yenye leseni. Nunua na udai risiti.

Nataka kujifunza. Nianzie wapi?

Bila silaha. Watoto waliochunga mbuzi wana mwanzo mzuri kuliko wote, kwa sababu wamekwisha kufuata mbuzi aliyepotea na wanajua unyayo wa yule kilema kati ya mia. Kama hukuchunga, omba kutembea na anayechunga, na kila jioni mfuate mbuzi mmoja kwa nyayo kutoka malishoni hadi zizini.

Kisha jifunze upepo. Beba majivu unapokwenda shambani na uandike saa na mwelekeo kwa mwezi mzima, kwenye kilima na bondeni. Jaribu kusogelea kwale au sungura mpaka hatua kumi bila kumgusa. Ukishaweza, omba nafasi ya kubeba maji kwenye kundi lenye mfuata nyayo mzee, tembea nyuma yake, na usimuulize kitu akiwa ameinama. Muulize wakati wa chai. Atakujibu, na akikuona makini, siku moja atasimama kando na kukuambia utangulie.